Mgeni Haiti Mara Mbili

Meza ya kando ya mlango wa jikoni haikuwa na mtu, na bado iliita.

"Binti!"

Mdogo mtu, aliyekuwa akipita na sinia la glasi, akageuka na kuitika kama alivyofundishwa: "Abee!" Kisha akasimama pale kama aliyesahau alichotumwa. Viti vilikuwa vimesukumwa ndani, kitambaa cheupe hakina hata kunyanzi, leso zimekunjwa mfano wa bata. Hakuna mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu ya utambi wa mshumaa uliozimwa kwa mate, na kwenye meli ile ya starehe mishumaa yote ilikuwa ya betri.

Dada mtu alimwona kutoka upande wa pili wa ukumbi wa chakula, akadhani ni uchovu. Ndugu hao wawili waliajiriwa pamoja, wakalala chumba kimoja kitanda juu ya kitanda, na kila siku baada ya kazi walimpigia simu mama yao. Mama alikuwa amepofuka. Kwake mabinti hawakuwa na sura tena, walikuwa sauti mbili tu, na ile ya mdogo mtu ndiyo iliyomfanya acheke.

Kwao mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajafundishwa kuvaa viatu: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Subiri uitwe tena, subiri uone uso. Lakini hiyo ni akili ya watu maskini. Kwenye meli kulikuwa na elimu. Katika ujia wa wafanyakazi palibandikwa sheria kwa herufi kubwa: MGENI HAITI MARA MBILI. Yaani aite tu, nawe uwe umeshaitika, umwone usimwone. Aliyeibandika ni msimamizi wa ukumbi, waliyemwita Bwana Tai kwa sababu ya tai aliyoivaa shingoni, na pia kwa sababu ya yule ndege.

Wageni wenyewe sasa! Watu wazima waliolipa ili wakae juu ya bahari, halafu wakae wameipa mgongo wakitazamana nani kavaa nini. Waliletewa nyama iliyokatwa nyembamba mpaka unaona sahani chini yake, wakasema ajabu! Waliletewa keki iliyopakwa dhahabu, dhahabu ya kweli, wakaila, na kesho yake wakaenda kuitoa mahali panapojulikana. Mkubwa wao alikuwa Mama Vidole. Alipewa jina hilo kwa kuwa aliita wahudumu kwa kupiga vidole kama mtu anayeita mbwa, na mbwa mwenyewe angejifikiria kwanza. Sauti yake ilitoka kifuani kama ngoma ya msiba. Mume wake, mzee mkimya, alikuwa hodari wa kusinzia mbele ya supu.

Asubuhi iliyofuata mdogo mtu alifungua kinywa aombe dawa ya meno, ukatoka upepo mtupu.

Daktari wa meli akamwangalia koo, akasema ni kiyoyozi. Akampa vidonge vya kunyonya. Bila shaka. Mtu akisoma sana, kila kitu huwa kiyoyozi.

Jioni hiyo mchanganyaji wa vinywaji aliitwa na ile meza: "Kijana!" Akasema naam. Akalala bubu. Akafuata mwosha vyombo, kisha yule dada wa kugawa mikate, kisha wengine, mpaka ukumbi ukajaa wahudumu wanaotabasamu na kuinamisha vichwa bila neno. Na wageni je? Waliona nini hao?

Walifurahi.

"Umeona utulivu wa safari hii?" Mama Vidole alimwambia jirani yake wa meza. "Hatimaye wamejifunza kufunga midomo."

Dada mtu alimfuata Bwana Tai penye rafu za sahani. "Bosi, watu wanapotewa na sauti. Ile meza ya mlangoni ina kitu."

"Ina kitambaa," Bwana Tai akamjibu. "Na kimepigwa pasi vizuri."

"Mdogo wangu hawezi kusema."

"Basi hawezi hata kunijibu. Nahodha mwenyewe kanipongeza leo. Wewe unauita ugonjwa, mimi nauona nidhamu." Akarekebisha tai yake. "Na wewe ongea ongea sana, nitakushusha bandari ya kwanza."

Mara vidole vikalia kutoka ukumbini, na Bwana Tai, mtu mzima mwenye wajukuu, akakimbia. "Naam, mheshimiwa! Naam!" Mtu yule alizaliwa akiitika. Nadhani hata mkunga alipompiga kofi alimshukuru.

Siku hiyohiyo, dada mtu akiwa anapanga vijiko, na mdogo wake amesimama kando yake akikunja leso, ile meza ikaita tena.

"Dada! Dada, njoo! Dada, nishike mkono, huku kuna giza!"

Ilikuwa sauti ya mdogo mtu. Ile ile, na kigugumizi chake kidogo cha mwanzo wa neno. Herufi ya kwanza ya "abee" ilikuwa imeshafika kwenye midomo ya dada mtu pale alipofinywa mkono mpaka akaona nyota. Mdogo wake alikuwa amemshika, mdomo umefumba, macho yamejaa maji, anatikisa kichwa: si mimi, si mimi.

Hapo ndipo dada mtu alipompigia simu shangazi yao. Shangazi huyo alitoa majini kama wengine wanavyong'oa meno, kwa nguvu na bila pole.

"Ameitika?" shangazi akauliza.

"Ameitika, shangazi."

"Kitu asichokiona?"

"Ndiyo kazi yetu, shangazi. Mgeni akiita lazima—"

"Lazima! Mmezunguka dunia nzima kwenda kujifunza ujinga ambao hapa nyumbani tungewafundisha bure. Haya, nisikilize. Huyo ni jini wa wito. Anakula sauti za wanaoitika, halafu anaitia wengine kwa sauti hizohizo. Hana dawa ila njaa. Kuanzia jua linapozama, asiitike mtu. Si kwa neno, si kwa mguu, si kwa kugeuza shingo. Akikosa kabisa, atazitapika."

"Na wageni wakiita?"

"Kwani ukiitwa kisogoni utajuaje aliyeita ni nani? Nyamazeni wote. Na wewe, utakapomsikia mdogo wako analia, ndipo ukaze meno zaidi."

Jioni iliyofuata ilikuwa ya karamu ya kuagana. Wahudumu walikutana nyuma ya mashine ya kuoshea vyombo, kelele zake zikawafunika.

"Watatufukuza," alinong'ona mpishi wa mkate, mmoja wa wachache waliobaki na sauti.

"Ukifukuzwa na koo lako, utaomba kazi kwingine," dada mtu akasema. "Ukifukuzwa bila koo, utaomba kwa mdomo gani?"

Mabubu wote wakanyoosha mikono juu. Wenye sauti wakaona haya, wakanyoosha na wao.

Jua likazama. Chakula kikawekwa mezani, mvinyo ukamiminwa, kisha wahudumu wakarudi ukutani, wakasimama, wakatazama mbele. Mama Vidole akapiga vidole. Hakuna aliyekwenda. Akapiga tena, akatazama vidole vyake kama vimeharibika. "Wee! Msichana! Chumvi!" Chumvi ilikuwa mbele yake, umbali wa kiwiko, ila mkono wa mtu kama yule haujui njia hiyo. Meza ya pili nayo ikaita, na ya tatu, na watu waliokula dhahabu jana yake wakaanza kupigapiga glasi kwa uma kama watoto waliocheleweshewa uji. Bwana Tai alikuwa akizunguka na jasho, anaitika kulia, anaitika kushoto, na kwa bahati mbaya au nzuri makelele ya wenye hela yalimzibia wito mwingine.

Maana ile meza ya mlangoni ilikuwa imeanza.

Iliita kwanza kwa sauti ya mchanganyaji wa vinywaji, kwa utani, kama rafiki. Ikaita kwa sauti ya mwosha vyombo, ikaita kwa sauti ya yule dada wa mikate, na kila sauti ilipoita, mwenyewe alitetemeka ukutani kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwizi. Na harufu ya utambi ikapanda mpaka ikameza harufu ya samaki, na leso zilizokunjwa mfano wa bata zikaanza kugeuza shingo, moja baada ya nyingine, polepole, kumtazama dada mtu, na kitambaa cheupe kikavutwa kutoka chini kama kuna mtu amekaa na amekishika kwa magoti, na ndipo sauti ya mdogo wake ikatoka, dada, dada yangu, mbona uko hapo na hunijibu, dada nimekukosea nini, dada mwambie mama siwezi kurudi, dada, dada, dada, mpaka dada mtu akauma ulimi na kuonja damu, na bado hakuitika, akamshika mdogo wake mkono na wote wawili wakatazama mbele kama askari.

Kisha sauti ya mdogo mtu ikasema tena, safari hii kwa upole, kwa heshima, kwa ile adabu ya kazini: "Nani ameita, mheshimiwa?"

Dada mtu akaelewa papo hapo. Angeweza kumwonya Mama Vidole. Alikuwa bado na kinywa. Alikitumia kumeza mate.

"Mimi!" Mama Vidole akanguruma, ameinuka nusu kitini. "Mimi hapa! Nimeita saa nzima, mimi!"

Neno la mwisho halikuisha. Mdomo wake ulibaki wazi, kama mlango wa duka lililoibiwa. Na kutoka ukutani kukazuka vikohozi: mchanganyaji wa vinywaji akakohoa, akasema "Mama wee!" akajisikia, akalia. Mwosha vyombo akatukana tusi ambalo alikuwa amelitunza siku hizo zote. Jini lilikuwa limepata windo nono, likaziachia zile sauti ndogo. Yule mzee, mume wa Mama Vidole, aliamka kwenye supu kwa sababu ya ukimya. Akamtazama mke wake anavyohangaika na vidole hewani. Akavuta sahani karibu, akala samaki wake mpaka mkia.

Mdogo mtu peke yake hakukohoa. "Itarudi," dada mtu akamwambia. "Yako ilikuwa mbali zaidi."

Meli ilipofunga gati wageni walishuka. Mama Vidole alijikwaa penye ngazi akamkanyaga mchukuzi wa mizigo, na akafumbua kinywa kwa mara ya kwanza tangu karamu. "Samahani, kaka yangu," akasema, kwa sauti laini ya msichana, yenye kigugumizi kidogo cha mwanzo wa neno. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, akashuka mbiombio, gari likaja, likamchukua.

Dada mtu alikuwa juu ya ngazi, ameshika ukingo wa chuma, na aliisikia. Jini lilipoitikiwa lilikuwa linaitumia sauti ya mdogo wake, likaitupa kwenye koo lililokuwa karibu. Angefumbua mdomo kumwonya yule mwanamke, huenda hilo lisingekuwa. Alilijua hilo, akalibeba, akaenda chumbani.

Mdogo mtu alikuwa amekaa kitandani na simu sikioni. Na mdomo wake ulikuwa ukisema, kwa ile sauti ya ngoma ya msiba: "Wewe mama! Maji! Na haraka!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mdomo ukaendelea tu kuamuru chini ya machozi hayo.

Kwenye simu mama kipofu alikuwa akiuliza: "Huyo mama mkubwa ni nani? Mwanangu yuko wapi? Jamani, mwanangu yuko wapi?"

Dada mtu akaikata simu kabla mama hajasema abee. Akampigia shangazi, akamweleza yote.

"Nyumba tupu haikosi mpangaji," shangazi akasema. "Koo la mdogo wako ndilo lililokuwa wazi, ameingia hapo na hiyo sauti yake mpya. Sauti ya mtoto imekwenda, msiililie. Ila yeye anaweza kutolewa."

"Kwa njia gani? Kwa dawa gani?"

"Dawa! Ameshaonja ubwana, hatatapika tena kwa njaa. Atahama tu, kwa mtu atakayemwitikia kwa moyo mmoja. Si kwa woga, kwa mapenzi. Huko mliko hakosekani mtu apendaye kuitika kuliko kula."

Simu ikakatika. Katika ujia, viatu vya ngozi vilikuwa vinakuja, vinagonga bati kwa hasira. Bwana Tai alikuwa anapita mlango hadi mlango akiwafukuza kazi waliogoma. "Na hawa ndugu wawili," alikuwa akisema, "hawa nitawashusha mwenyewe!"

Mdogo mtu akainua kichwa. Pua zake zikatanuka.

"Wee! Nani yuko hapo? Njoo upesi!"

Viatu vikasimama. Mheshimiwa gani angekuwa chini kule, kwenye vyumba vya wafanyakazi, katika meli iliyokwishashusha wageni wote? Mwenye akili angeuliza. Mdogo mtu alimkodolea dada yake macho, kumwomba au kumkataza, haikujulikana.

"Naam, mheshimiwa!" Bwana Tai akaitika, na hasira yote ikamtoka, furaha ikaijaa sauti yake. "Nakuja, mheshimiwa! Nakuja!"

Dada mtu akatoa komeo, akafungua mlango wazi kabisa, akasogea pembeni ampishe.