Kisima cha Akina Vasko

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijapanda mlima, Janelle Vasko alijaza maji kwenye hori la ng'ombe. Zamani ng'ombe wenyewe walisukumana kwa kiu. Siku hizi walinusa tu, wakageuza shingo, wakaenda kunywa maji ya tope mtaroni. Maji ya kisima yalinuka yai viza na kutoa mapovu kama yanachemka, ingawa yalikuwa baridi.

Yalianza hivyo tangu wachimbaji wa gesi walipotoboa ardhi nyuma ya zizi na kuupasua mwamba ulio chini kabisa. Baba yake, Dale, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakodishia shamba, tena akazunguka kwa majirani akiwashawishi nao watie saini. Sasa alijitia hamnazo. Nyumbani walikunywa maji ya dukani, na Janelle alionywa asimwambie mtu.

Ikafika karamu ya kanisa ya wakati wa mavuno. Katika kijiji kile cha Pennsylvania, tangu enzi za babu, maji ya limau ya karamu yalitengenezwa kwa maji ya kisima cha akina Vasko. Kutopeleka, baba alisema, ni kujitangaza. Akajaza madumu, akayaacha wazi mpaka harufu ikapungua, akayapakia garini.

Huko karamuni Janelle akamwona mtoto wa jirani yao Kessler, ambaye hata meno hayajaisha kuota, akinyoosha kikombe. Hakungoja. Akalisukuma pipa la maji ya limau kwa mikono miwili, likapinduka, vipande vya limau vikatapakaa nyasini.

"Wewe mtoto, una wazimu?" baba alifoka.

"Ng'ombe wetu hawayanywi haya maji, baba. Na sisi hatuyanywi."

Dale alitazama viatu vyake, kisha akakiri yote. Kessler akambeba mwanawe.

"Dale, maji ya kisima changu yananuka hivyohivyo tangu kiangazi. Nilikuuliza, ukaniambia ni kutu ya bomba. Huyu tunamkorogea maziwa ya unga kwa maji hayo."

Wiki hiyo kijiji kizima kilikwenda pamoja kulalamika kwa kampuni ya gesi, na baada ya vuta nikuvute malori yakaanza kuleta maji safi kila nyumba. Visima havikupona. Kessler naye, akikutana na Dale njiani, aligeuza uso.

Janelle alimuuliza bibi yake kama alikosea. Bibi alikuwa akiosha vikombe kwa maji ya lori, akiyatumia kwa ubahili.

"Hukukosea, mjukuu wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kisima wamekiharibu wenye mitambo, na hilo tutawadai. Lakini mtoto wa Kessler ameyanywa maji yale miezi yote hiyo kwa sababu sisi tulinyamaza. Hilo ni letu."