Mmea Alioleta Wifi

Asubuhi ile wifi yake alipofika na furushi la vikonyo vibichi vya mmea, fundi cherehani alikuwa uani akimwogesha mwanawe kwenye beseni. Mumewe alipofariki nyumba alimwachia mtoto, na tangu hapo wifi mtu hakupita hata kusalimia. Leo kaja meno yote nje.

"Panda huu, wifi. Unatambaa wenyewe, na mwaka mzima haukauki. Vumbi utalisahau. Ila mwanzoni umwagilie maji aliyoogea mtoto. Povu linafukuza wadudu."

Fundi akapanda, akamwagilia. Mpaka leo akikumbuka anajiuma vidole.

Mmea ukashika kasi. Ukafunika ua, ukazunguka bomba, ukafika mlango wa jikoni, majani mazito yanang'aa. Mtoto naye akaanza kunyauka. Uji anamaliza, maziwa anamaliza, nguo zinampwaya, mama yake kazi ni kuzipunguza tu. Hospitali hawakuona kitu. Kadiri mmea ulivyonenepa, ndivyo mbavu za mtoto zilivyozidi kuhesabika.

Mchana mmoja fundi akayakumbuka yale maji ya kuogea, akaelewa. Hasira zikampanda mpaka macho yakaingia giza. Mwanamke gani huyu, anamla mtoto wa kaka yake kwa ajili ya kuta na mabati! Akachukua jembe, akakata.

Ndani mtoto akapiga yowe.

Akakata tena. Yowe tena.

Akatupa jembe, akakimbilia ndani. Mguuni pa mtoto palikuwa na mistari miwili myekundu.

Akambeba mpaka kwa wifi. Alitaka kumrarua kwa kucha. Wifi akafungua mlango nusu, akautazama ule mguu, akanong'ona.

"Umeukata? Basi ondokeni pale. Mkiwa mbali hautamfikia."

"Chukua nyumba! Na ikuue humo humo!"

Wakahamia mji mwingine, chumba cha ghorofani, sakafu ya saruji, hata chungu cha maua hakuna. Mtoto akalala mkekani kutwa nzima, ametulia. Fundi akaanza kushusha pumzi.

Jioni alipomwinua, akaona uzi mweupe kisiginoni. Akadhani ni wa cherehani. Akauvuta.

Mtoto akapiga yowe.

Ulikuwa mzizi, umepenya mkeka. Umepenya saruji. Na chumba cha chini, jirani alikuwa anafoka: "Nani huyo huko juu anatumwagia vumbi la saruji?"