Kasuku na Programu ya Maktaba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alimkuta dada yake akibandika vikaratasi ukutani. Kasuku alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu hakujua kunyamaza. Dada alisomea kompyuta chuo kikuu. Yeye na wenzake watatu walikuwa wakitengeneza programu ya kuazimia vitabu katika maktaba ya shule ya Kasuku.

"Ukuta wangu umeota manyoya!" mama alicheka.

"Ni kazi za wiki hii, mama. Mhadhiri wetu hataki tujifungie miezi sita. Kila Ijumaa tunapeleka kipande kidogo kinachofanya kazi, watu wanakijaribu, tunasikia wanasemaje, tunarekebisha."

Ijumaa ya kwanza aliyejaribu alikuwa Kasuku. Alitafuta mahali pa kurudishia kitabu, asipaone. Lakini dada alikuwa anamtazama kwa matumaini makubwa.

"Vipi, mdogo wangu?"

"Iko safi kabisa, dada!"

Ijumaa iliyofuata, darasa la tatu walikuja kurudisha vitabu. Wa kwanza alibonyeza, kompyuta ikaandika kwamba ameazima tena. Wa pili vivyo hivyo. Foleni ikafika mlangoni. Mkutubi akashika kiuno, dada akainamisha kichwa.

Kasuku alimsogelea. "Dada, mimi pia nilipotea wiki iliyopita. Sikusema, niliogopa kukuvunja moyo."

Dada alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko. "Wewe unayeongea hata usingizini, siku hiyo ndiyo ukanyamaza? Njoo, utuonyeshe ulipopotelea."

Kasuku alionyesha yote: herufi ndogo mno, vitufe vya kuazima na kurudisha vinafanana kama mapacha. Akachora viwili vikubwa, kimoja kijani, kingine chekundu. Wanachuo wakaiweka kazi hiyo mbele ya zote.

Wiki iliyofuata foleni ilikwenda mbio. Mtoto mmoja alirudisha kitabu chake, akafurahi hata akaomba akirudishe tena!

Mhadhiri, mama mmoja mpole aliyekuja kukagua kazi na kusimuliwa yaliyotokea, alimshika Kasuku bega. "Kumsifia mtu kwa uongo si kumsaidia. Mwambie kosa mapema, kwa upole, likiwa bado dogo. Nanyi wanachuo, mwacheni mtu aseme bila woga."

"Basi mwalimu," Kasuku alidakia, "na ile rangi ya kijivu pia inachosha macho!"

Maktaba nzima ilicheka, na dada akavuta kiti, akaanza kuibadilisha.