Nusu ya Picha ya Bwana Jamaludin

Kila asubuhi, kabla ya wenzangu kufika, kazi yangu ilikuwa kuosha mbao za chuo. Bibi yangu, Bi Mwanamkisi, aliwafundisha Kurani wasichana wa mtaa wetu hapa Amu, yaani Lamu, ukumbini mwetu, na hakustahimili ubao wenye wino wa jana. Mimi Radhiya nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikishaanika mbao ukutani, nilikwenda nyumba ya pili kumwita Esha.

Esha alikuwa na miaka saba. Baba yake, Bwana Hamdun, mkata boriti, alikuwa amezama miezi miwili nyuma katika mkondo wa Mkanda, mashua ilipopinduka na mzigo. Wenzake wawili walimwona akizama, lakini mwili haukupatikana. Mama yake, Bi Saadiya, alikuwa amekaa eda, hatoki nyumbani, na kila aliyekuja kumpa pole aliombwa mlangoni asilie mbele ya mtoto. Esha aliambiwa kwamba baba amekwenda Faza kukata boriti na angerudi. Sote tulimwambia hivyo, hata mimi, hata bibi yangu anayetufundisha kusema kweli.

Kwa hiyo kila jioni Esha alimega mkate wake wa mofa, nusu akaifunika kwa kawa, akasema, "Hii ya baba." Asubuhi mama yake aliwatupia kuku. Esha alikuwa hachezi wala hacheki, ila kuuliza tu Faza ni mbali kiasi gani.

Huo ulikuwa mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani. Ndipo alipofika kwetu Bwana Jamaludin kutoka Mombasa na mashine ya picha zinazokwenda. Hakuna mtu wa Amu aliyekuwa ameona kitu kama hicho. Bwana Muhdhar, mzee wa mtaa wetu, alimpa bohari lake lililoshikana na nyumba yetu. Madirisha yakazibwa kwa matanga makuukuu ili mchana uwe giza, na ukutani ikatundikwa shuka nyeupe. Watoto tulirukwa na akili.

"Polepole," akasema Bwana Muhdhar. "Kwanza wazee tutaitazama Jumatano alasiri. Ikiwa haina ubaya, Alhamisi watoto wataingia."

Sasa nieleze kosa langu, na sitajitetea. Katika ghala letu la juu palikuwa na tundu ukutani, mahali palipong'olewa boriti, na tundu hilo lilitazama ndani ya bohari. Bibi alikuwa amenikataza kabisa kuchungulia mkutano wa wanaume. Jumatano nilimwambia nakwenda kupanga kuni, nikapanda ghalani, nikalaza shavu ukutani.

Niliona shuka ikipata uhai. Alikuwapo mzungu mmoja mnene ambaye kazi yake ilikuwa kuvusha watu mto kwa mashua mbovu. Alitumbukia na kapu la kuku, akatoka na kuku kichwani. Alitumbukia tena pamoja na bwana arusi. Kila akianguka, binti yake mdogo alimpungia mkono kutoka ukingoni. Wazee wetu wenye heshima zao walicheka mpaka vilemba vikawalegea, na mimi niliuma kanga yangu nisisikike.

Adhana ya magharibi ikaita. Wazee wakainuka wote.

"Kilichobaki ni kama hiki?" akauliza Bwana Muhdhar.

"Ni hadithi ya mtu yule yule," akajibu Bwana Jamaludin.

"Basi tumeiona. Haina ubaya. Kesho walete watoto."

Wakaenda msikitini. Bwana Jamaludin alikuwa msafiri, angeziunganisha sala za magharibi na isha baadaye. Akabaki peke yake kuukagua utepe wake, maana ulikuwa umekatika njiani, akaendelea kuzungusha mkono wa mashine. Nami nikaendelea kutazama.

Mto ulifurika. Yule mnene alikwenda kumwokoa mtu aliyeng'ang'ania mti, akampakia, kisha yeye mwenyewe akaanguka. Nilikaa tayari kucheka. Hakutoka. Ilitoka kofia yake tu, ikielea, na binti yake akasimama ukingoni ameishika, akingoja, mpaka shuka ikawa nyeupe tena.

Nilishuka ghalani. Jambo la kwanza lililonijia akilini lilikuwa Esha.

Usiku ule bibi aliniuliza, "Bwana Muhdhar asema picha haina ubaya. Kesho ni Alhamisi, hakuna chuo. Wewe umesikia lolote kuhusu picha hiyo?"

"Sijasikia lolote, Bibi."

Na kwa kweli sikuwa nimesikia, maana picha haikuwa na sauti. Nilijifariji kwa ujanja huo. Ningesema kweli, ningejulikana kuwa nilichungulia, na watoto wa mtaa mzima wangekosa picha kwa ajili yangu. Niliogopa bakora, na zaidi niliogopa kuchukiwa. Nikajiambia kwamba nitaketi na Esha, na ile sehemu ikikaribia nitamtoa nje.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri bohari lilijaa watoto hadi mlangoni, wavulana mbele, wasichana nyuma. Nilimshika Esha mkono. Mnene alipotoka majini na kuku kichwani, Esha alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake kwa miezi miwili. Alicheka mpaka akaniegemea, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, nikajiona nimefanya jema kunyamaza.

Kisha mto ukaanza kufurika.

"Esha, twende nje," nikamnong'oneza.

"Sitaki."

"Twende, nitakupa kashata."

"Niache! Huyu anachekesha."

Nilimvuta, akaushika mguu wa benchi. Watoto wakatuzomea tunyamaze. Giza lilikuwa zito na mlango uliozibwa kwa tanga ulikuwa mbali. Mnene akaanguka, na watoto wote wakapasua kicheko wakingoja atoke. Kicheko kikapungua, kikaisha. Kofia ikaelea.

"Mbona hawamtoi?" akauliza Esha kwa sauti kubwa.

Yule binti akasimama ukingoni na kofia. Esha akanigeukia.

"Radhiya, na babangu yuko ndani ya maji?"

Nadhani kunyamaza kwangu ndiko kulikomjibu. Alijichomoa mkononi mwangu, akapita katikati ya watoto, akafunua tanga na kutoka. Nilimkimbilia huku nikiita, lakini alikuwa mwepesi, na ngazi za pwani hazikuwa mbali. Nilifika nikamwona amekwisha shuka ngazi zote, maji kifuani, akiita, "Baba! Baba!" Wimbi moja likamfunika.

Aliyemtoa alikuwa Bwana Jamaludin. Alitukimbilia, akaruka na viatu vyake na koti lake, akamwinua. Esha alikuwa amekunywa maji mengi. Alitapika, akanyamaza, na jioni homa ikampanda. Bi Saadiya hakuweza kutoka kwa sababu ya eda. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake wakati mtoto akiletwa amelegea mikononi mwa mgeni, na kilio chake nakisikia mpaka leo.

Siku ya tatu ya homa, Bwana Muhdhar alibisha hodi kwetu, Bwana Jamaludin nyuma yake.

"Bi Mwanamkisi," akasema, "nimekuja kuomba radhi. Sisi tulitazama kama kuna mwanamke kichwa wazi, kama kuna ulevi. Hatukuviona, tukaridhika. Hatukujua kwamba mwisho wake ni msiba."

"Nami nilijua," akasema Bwana Jamaludin, akitazama sakafu. "Niliulizwa, nikajibu jibu la kuuza picha. Sikujua habari za mtoto huyu, lakini msiba niliujua."

Nilikuwa pembeni na mbao zangu. Hapakuwa na mtu aliyeniuliza. Ningeweza kuendelea kuosha.

"Hata mimi nilijua," nikasema. Nikaeleza yote: tundu, kuni, na lile jibu langu la ujanja. Nilipomaliza nilinyoosha mkono nipigwe.

Bibi hakuugusa mkono wangu.

"Bwana Muhdhar aliona nusu akasema ameona yote," akasema. "Bwana Jamaludin aliulizwa akazunguka. Wewe uliona mpaka mwisho ukanyamaza. Na mimi nimeyajua ya Hamdun miezi miwili, nikamwongopea yatima kila siku kwa jina la huruma. Simwoni aliye afadhali humu ndani. Radhiya, chukua kanga yako, twende."

Tulikwenda kwa Esha. Alikuwa kitandani, macho yamemtoka. Bibi alimwangalia Bi Saadiya, naye akaitikia kwa kichwa huku machozi yakimtiririka. Bibi akaketi, akamshika mtoto mikono yote miwili.

"Esha mwanangu, babako hakwenda Faza. Alizama Mkanda. Watu wawili walimwona. Tulimswalia. Hatarudi."

Esha alimtazama sana.

"Kofia yake ilirudi?"

"Haikurudi, mwanangu."

Hapo ndipo Esha alipolia, na mama yake akalia naye, kwa mara ya kwanza pamoja na bila kujificha. Mimi nilimwambia, "Nilijua mwisho wa picha, Esha, nikakuacha uingie. Nisamehe." Hakunijibu siku ile, na nilistahili kutojibiwa.

Wiki ile ile bibi yangu alikwenda boharini mwenyewe, akaketi nyuma ya pazia jepesi la stara, akatazama tepe zote nne za Bwana Jamaludin hadi mwisho, moja baada ya moja. Mbili alizikubali kwa watoto. Ile ya mnene alisema ni ya watu wazima na watoto wakubwa walioambiwa kabla kwamba ina kifo. Tangu hapo ikawa desturi ya mtaa: hakuna picha ya watoto mpaka mwalimu wa chuo aione yote. Lile tundu la ghalani niliamriwa kuliziba kwa chokaa kwa mikono yangu, na mbao za chuo nikaziosha mwezi mzima asubuhi na jioni.

Siku ya kwanza ya chuo baada ya hapo, bibi alitukalisha wote.

"Sikilizeni," akasema. "Jambo si jema kwa mtoto kwa sababu tu mwanzo wake unachekesha. Tazameni mpaka mwisho ndipo mseme. Wala huzuni haikukatazwa kwa mtoto, lakini aipate kwa mtu anayempenda, aliyemshika mkono, na aipate kwa kweli, si gizani katikati ya watu wanaocheka. Na anayejua lenye madhara aseme mapema, hata likimfedhehesha. Fedheha ya Radhiya ingekwisha kwa siku mbili. Esha nusura afe."

Hakuna aliyeinua uso, na mimi zaidi.

Jioni ile nilimpelekea Esha mkate wa mofa, ungali moto. Aliumega katikati kama kawaida yake, akavuta kawa. Kisha akasita. Aliirudisha kawa mahali pake, akanipa mimi ile nusu. Niliila yote, naye akingoja mpaka nikamaliza.