Tasbihi ya Kopali

Sikitu aliishi Beni na binti yake Safi. Kila asubuhi alitwanga muhogo, akateka maji, kisha akasimama kutazama barabara ya Mambasa. Mumewe Asumani, dereva wa lori, alipita hapo kwenda Kisangani mwaka 1964. Uasi ukaifunga barabara nyuma yake. Mwaka mzima ukapita bila habari. Sikitu alimtamani mumewe hadi chakula kikakosa ladha.

Siku ya kuondoka, Asumani alimwachia bonge la kopali. Kopali ni utomvu wa mti wa msituni. Ukikauka huwa mgumu, na rangi yake ni ya asali.

"Unitengenezeye tasbihi," alisema. "Nikirudia, nitasali nayo."

Iliposemekana kwamba barabara itafunguliwa, moyo wa Sikitu uliruka. Alilikata bonge vipande, akasugua kadhaa vikawa punje laini. Kisha akachoma msumari motoni, kama watu wanavyotoboa mpini wa jembe. Msumari ulipoingia, moshi ulitoka, kopali ikanata, punje ikapasuka. Ya pili ikapasuka pia. Kuuliza si ujinga, lakini Sikitu alikuwa na kichwa kigumu. Aliendelea mpaka nusu ya kopali ikaharibika. Hapo akalia.

Jirani yake Virginie, aliyetengeneza rozari za mbao za parokia, alisikia harufu akaja.

"Mama Sikitu, nini inanuka hivi?"

"Kopali ya Asumani, dada. Naiharibu yote. Akirudia, nitamuonesha nini?"

"Unaitoboa na moto?"

"Njo vile tunatoboaka mupini."

"Lakini mupini ni muti! Hii ni maji ya muti, moto inaiyeyusha. Lete maji ya baridi na kipande ya ubao."

Virginie alileta kijiti chake chenye sindano nyembamba, kali, kwenye ncha. Akachagua kipande ambacho hakijasuguliwa.

"Utoboe kwanza, kusugua kuje nyuma. Ukingo ukimeguka kidogo, utausawazisha."

Alichimba kishimo kidogo ili sindano isiteleze. Akaweka kipande juu ya ubao, akadondosha maji, akampa Sikitu kijiti akipekeche kwa viganja.

"Pole pole. Hapana kusukuma. Unga ikijaa, toa sindano, weka maji tena."

"Karibu itokee ng'ambo!" Sikitu alisema.

"Simama hapo! Ukipitisha mara moja, itameguka kule mwisho. Geuza, uanze upande ya pili. Matundu ikutane katikati."

Yalikutana. Sikitu alipitisha uzi, nao haukukwama popote. Tangu hapo hakupasua punje nyingine. Kopali iliyobaki ilitosha punje thelathini na tatu.

Barabara ilipofunguliwa, dereva Idi, rafiki wa Asumani, alipakia mzigo wa Kisangani. Sikitu alimpa tasbihi.

"Ukimukuta, umupatiye," alisema, akitazama pembeni. "Ukimukosa, unirudishiye."

Siku lori liliporudi, Sikitu alikimbia kulipokea, matope hadi magotini. Idi akashuka, akafungua viganja vyake viwili.

"Mama Sikitu, tasbihi siko nayo. Iko mu mukono ya mwenyewe."

Sikitu akaketi palepale barabarani, akacheka huku analia.