Kikombe Alichoonja Alida

Kila asubuhi, kabla jua halijakaza, Arlette alikwenda shambani kwake nje kidogo ya mji wa Baraka, kwenye njia ya Mulongwe. Binti yake Ketsia alikuwa mgongoni, jembe begani. Mumewe Guy alikuwa Lulimba akichimba dhahabu, na dhahabu, kama kawaida yake, ilikuwa ikichelewa. Kwa hiyo mihogo ndiyo iliyolisha nyumba.

Shamba la pili, ng'ambo ya mstari wa majani, lililimwa na Alida. Huyu alikuwa Mrundi aliyekimbia fujo kwao, akapata makao kambini Mulongwe. Kila asubuhi alisimamisha jembe lake na kusalimia kwa kuinama kidogo. Arlette alijibu kwa nusu mdomo. Hakuwa na roho mbaya, ila masikio yake yalikuwa yamejaa maneno.

"Mama Ketsia," jirani yake Pulchérie alimwambia mara nyingi, "kwa bale Barundi hapana pokea kitu, hata maji. Banakuwaka na karuho. Banaifichaka chini ya kucha."

Karuho ni ile sumu ya kificho ambayo watu wa Kivu wanaiogopa sana. Pulchérie hakuwahi kumwona mtu aliyelishwa sumu hiyo na mkimbizi. Hata hivyo, aliongea kwa uhakika kuliko daktari.

Siku moja Ketsia alianza kuharisha palepale shambani. Mwanzoni Arlette alidhani ni yale mahindi mabichi ya jana. Lakini mtoto aliharisha tena, maji matupu, kisha akatapika. Midomo yake ikakauka. Alilia bila machozi. Aliponyoosha mkono kutaka maji, Arlette alimnyima. Alikuwa amesikia kwamba maji yanazidisha kuhara. Maneno yasiyosikika Baraka ni machache.

Alida alimwona mtoto, akatupa jembe. Alikuja na chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa na kipakiti cha serumu ya kunywa, ile chumvi yenye sukari wanayogawa watu wa afya kambini. Alimimina kipakiti chote ndani ya chupa, akatikisa, akajaza kikombe. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alikunywa yeye kwanza, funda moja, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja, akakitoa kwa mikono miwili.

Arlette alibaki ameduwaa. Mbona anakunywa dawa ya mgonjwa? Kama ni nzuri, si ni ya mtoto? Kama ni mbaya, ametia nini alipoinamisha mdomo? Akaangalia kucha za Alida. Zilikuwa nyeusi kwa udongo wa mihogo, kama zake mwenyewe. Hilo halikumtuliza.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Ni maji ya mutoto, mama Ketsia. Iko muzuri. Unaona, nimeonja."

"Juu ya nini unaonja?"

Alida alimtazama, naye pia haelewi. Ni kama ameulizwa kwa nini watu husalimiana.

"Kwani ni weye njo ninapatia," alijibu.

Kwamba ni yeye ndiye anayepewa, Arlette alilisikia, lakini hakupata maana. Ilikuwa vigumu kukataa kikombe kilichotolewa kwa mikono miwili, akakipokea. Halafu akamwaga maji yote chini. Udongo ukayanywa. Alida alitazama pale palipoloa.

Arlette akamfunga mtoto mgongoni na kuanza kukimbia. Kichwa cha Ketsia kilikuwa kikiyumba. Nyuma yake alisikia miguu, kisha ikampita. Alikuwa Alida. Alikimbia hadi barabarani, akasimama katikati, akasimamisha pikipiki.

"Papa, mutoto iko mubaya," alimwambia dereva. "Bapeleke ku santé mbio."

Pikipiki ikamwacha Alida barabarani, na njia nzima Arlette hakuelewa kitu. Mtu anayetaka kumwua mtoto wangu, alijiuliza, mbona anahangaika hivi kumwokoa?

Kwenye kituo cha afya walipokelewa na muuguzi Anastasie, mama wa makamo mzaliwa wa Nundu. Alifinya kidogo ngozi ya tumbo la Ketsia, ngozi ikachelewa kurudi. Kisha akafungua kipakiti na kukichanganya katika lita ya maji safi. Kilikuwa sawasawa na kile cha Alida.

Anastasie alianza kumnywesha mtoto kwa kijiko. "Kidogo kidogo," alisema. "Akitapika, unangoja kidogo, unaanza tena. Ku shamba alikunywa nini?"

"Hapana kitu. Nilimunyima maji, tumbo ikauke."

"Mama, tumbo haikauke. Ni mutoto njo anakauka. Maji yenye anapoteza, lazima tumurudishie."

Arlette akasema yote: Mrundi, kikombe, funda moja, maji aliyomwaga. Alitarajia kuambiwa amefanya vema. Anastasie aliendelea na kijiko chake.

"Papa yako alipokeaka bageni?" aliuliza.

"Sana."

"Pombe ikifika, nani alikunywaka wa kwanza?"

Arlette alifikiri. Akamwona marehemu baba yake akinyanyua kikombe, akionja, kisha akimpa mgeni.

"Ye mwenyewe," alisema.

"Juu ya nini?"

"Juu mugeni asiogope..." Jibu alikuwa nalo tangu utoto. "Lakini ile ilikuwa pombe, mama. Hii ilikuwa maji ya mutoto."

"Woga ni ile ile. Ule mama alijua unamuogopa. Alikunywa ili roho yako itulie."

Aibu ilimshika Arlette. Alikuwa ameogopa sumu, na kitu kilekile kilichofanywa kumwondolea hofu ndicho kilichomtisha.

"Lakini na ye nitamuambia," Anastasie aliongeza. "Anayeonja, aonje na kikombe yake. Kikombe ya mugonjwa ikuwe safi, na mikono inawe na sabuni. Na weye, ukikosa pakiti, ushike lita ya maji ya kuchemsha, ipoe. Tia viyiko sita vidogo vya sukari na nusu kiyiko ya chumvi, bila kulundika. Chumvi isizidi, inaumiza mutoto. Unamunywesha huku unamuleta hapa."

Kabla jua halijashuka, Ketsia alifumbua macho vizuri na kukojoa mapajani kwa mama yake. Arlette hakuwahi kufurahia kitenge kilicholoa namna ile.

Nyumbani Pulchérie alikuja kutoa pole. "Unaona? Mungu alikusaidia ukamwaga ile sumu."

"Ile nilimwaga njo ile ile ilimuponyesha," Arlette alijibu.

Pulchérie akaaga kabla hajamaliza pole yake. Hilo halikuwa jambo la kila siku.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakusema mwenyeji afanye nini akishamwaga dawa ya mgeni. Ketsia alipopata nguvu, Arlette alirudi shambani bila kujua aanzie wapi. Aombe msamaha mbele ya watu? Asalimie tu kama kawaida? Mwishowe, asubuhi moja, alipika bui, ule uji mwepesi wa mahindi, akaosha vikombe viwili kwa sabuni, akavuka mstari wa majani kwa mara ya kwanza.

"Alida," alisema, "unisamehe. Sikujua."

Akajaza vikombe vyote viwili. Kimoja akampa Alida kwa mikono miwili. Kingine akakiinua ili aonje yeye kwanza, kama baba yake. Alida akamshika mkono.

"Hapana onja," alisema.

Amekasirika? Anakataa? Ameogopa? Alida hakumwacha afikiri sana. Aliinua kikombe chake na kunywa, akanywa mpaka chini, akapangusa mdomo.

"Weye ni mama Ketsia," alisema. "Niogope nini?"

Arlette akacheka, na machozi yakamtoka papo hapo, asijue afuate lipi. Kisha Ketsia, huko mgongoni, akanyoosha mkono kwa Alida akitaka naye apewe bui. Safari hii mama yake hakuangalia kucha za mtu.