Mtambo Usio na Mapanga

Nguzo ilikuwa imelazwa juu ya jabali taratibu, kama mgonjwa anavyolazwa kitandani. Mtambo wa umeme wa upepo ulikuwa kichwani pake, mzima, ila mapanga yake matatu ya mbao hayakuwepo.

"Wameniua, afande," alisema Yeremia Chenge, fundi wa Kiseke aliyeubuni. "Wakaguzi wanakuja kesho. Wakiukubali, zahanati ya kijijini kwetu inapata taa. Wasipouona ukizunguka, kazi yangu yote imekwenda na maji."

Inspekta Odeta aliinama. Nyaya za shaba zilikuwepo. Sumaku zilikuwepo. Nati zimepangwa vizuri ndani ya kopo. Mwizi gani wa Mwanza anaacha shaba akaondoka na mbao?

Kisha akaiona kamba iliyotumika kuishusha nguzo. Ilikuwa imeviringwa duara, ncha imepitishwa katikati na kukazwa. Odeta alikulia mwaloni, ufukweni pa wavuvi. Mitumbwi iliporudi na dagaa, babu yake aliviringa kamba hivyohivyo kabla hata ya kumsalimia mtu. Kwa muda aliisahau kazi. Alimkumbuka babu, na roho ikamuuma.

"Hii kamba ameviringa mvuvi," alisema. "Mbao ulizipata wapi?"

"Mtumbwi wa marehemu baba. Ulikuwa umelala tu ufukweni, nyumbani Kayenze. Mbao ya zamani haipindi, afande, na mpya bei yake siiwezi."

"Ukoo ulikaa ukakubali?"

Yeremia alikuna kichwa. "Ulikuwa ukae baada ya mavuno. Niliona wanachelewa."

"Kwenu nani anajua kuvua?"

"Baba alimfundisha mmoja tu. Dada Wilhelmina."

Walimkuta Kayenze, anaanika dagaa.

"Shikamoo, mama," alisema Odeta.

"Marahaba. Umekuja na huyu, basi unajua."

Aliwaingiza ndani. Mapanga yalikuwa juu ya mkeka, yamefunikwa khanga. Moja lilikuwa limekwanguliwa rangi nyeupe ya Yeremia. Chini yake palikuwa na rangi ya bluu iliyofifia na herufi W, iliyochongwa kwa kisu.

"Uliyachukua wewe?"

"Mimi. Jana, huyu alipokwenda mjini."

"Kwa nini?"

Wilhelmina aliipapasa ile herufi.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji yanayoingia mtumbwini. Siku niliyovua sato wangu wa kwanza, baba akachonga hapa. Akasema, hapa ni kwako mpaka mtumbwi ufe." Alimgeukia ndugu yake. "Kila Jumapili nilikuwa naenda kuuangalia. Nilikuwa nakaa palepale. Jumapili moja nikakuta vumbi la msumeno."

"Ningekuuliza, dada, ungekataa."

"Ningekubali! Baba angefurahi, Yeremia. Wewe unadhani asingefurahi? Nilitaka tu niuage."

Yeremia alikaa chini sakafuni. Naye alikuwa amepanda mtumbwi ule, na sasa alikumbuka nani alikuwa akimshika shati asianguke.

"Nimekukosea, dada," alisema.

Odeta alikohoa. "Mlalamikaji, kesi inaendelea?"

Yeremia alitikisa kichwa. Wilhelmina alimkabidhi mapanga mawili. La tatu alilifunga kwenye khanga, akalikumbatia.

"Hili nitakuja kulifunga mtamboni mwenyewe kesho asubuhi," alisema. "Na usilipake tena rangi."